Kufundisha Haki za Mwanamke kwa Kutumia Hati ya Shamba

Utangulizi

Katika shule nyingi, somo la usawa kati ya wanawake na wanaume hufundishwa kwa maneno matupu. Mwalimu huandika ubaoni kwamba binadamu wote ni sawa, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Jioni mtoto hurudi nyumbani akamwona mama yake akitoka shambani na mzigo wa kuni kichwani, na shamba lile lile akalisikia likitajwa kuwa ni la baba peke yake. Baina ya lililoandikwa ubaoni na linalotendwa nyumbani, mtoto ataliamini la nyumbani. Makala hii inapendekeza somo lianzie kwenye kitu ambacho mwanafunzi aweza kukishika na kukisoma, yaani hati ya hakimiliki ya kimila.

Maarifa ya lazima kwa mwalimu

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu hana budi kuzifahamu sheria chache. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake mwenyewe. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria hiyo hiyo iliagiza kuwa Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao wanawake 3.

Mikoa ya Iringa na Mbeya ina mfano wa karibu. Mwaka 2014 kijiji cha Ilalasimba, Wilaya ya Iringa, kilichaguliwa kujaribu upimaji wa mashamba kwa kutumia simu, kwa msaada wa Marekani. Baadaye kazi hiyo ilienea katika vijiji vingine vya Wilaya ya Iringa na vya Wilaya ya Mbeya. Wanakijiji walielezwa kwamba hati yaweza kuandikwa jina la mume, la mke, au la wote wawili. Swali lililokuwa la ukoo likawa la kila nyumba: jina la nani litaandikwa?

Shabaha ya somo

Mwishoni mwa vipindi viwili, kila mwanafunzi aweze kueleza, kwa kutumia mfano, tofauti kati ya kulilima shamba na kulimiliki.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza ni hesabu ya kazi. Wanafunzi waorodheshe kazi zote za shamba la mahindi la Ismani au la viazi la Umalila, tangu kutayarisha shamba hadi kuuza mazao. Mbele ya kila kazi waandike mfanyaji wake: mama, baba, msichana au mvulana. Kisha wajumlishe. Mwalimu asitamke neno. Jedwali litasema lenyewe.

Hatua ya pili ni hati. Mwalimu achore ubaoni hati tupu na kueleza habari za familia ya kubuni: mume, mke, watoto watatu na ekari 4. Ekari 2 mume alizirithi, na 2 walizinunua pamoja kwa fedha za mavuno. Kila kikundi kiamue majina ya kuandikwa na kutoa sababu zake.

Hatua ya tatu ni tatizo. Mume amefariki, na ndugu zake wanalidai shamba. Wanafunzi wachunguze hali mbili. Hati ikiwa na jina la marehemu peke yake, mjane atalazimika kwanza kuthibitisha haki yake katika mirathi. Hati ikiwa na majina mawili, jina lake limo tayari. Hapa ndipo darasa hutambua kwamba mstari mmoja wa wino waweza kuamua kama watoto watakula mwaka ujao.

Hatua ya nne ni igizo. Wanafunzi 7, watatu wakiwa wasichana, waketi kama Baraza la Ardhi na kusuluhisha mgogoro huo. Wasichana wakinyamaza, mwalimu asimamishe igizo na kuuliza: je, kuwamo barazani ni sawa na kusikilizwa barazani?

Kuhusu mahali pa kazi, mwalimu atumie mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha, na inadai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Wanafunzi wakokotoe ni majuma mangapi, kisha wajadili mchuma chai asiyeijua sheria hii hupoteza nini.

Tahadhari

Mwanafunzi asitumwe kumhoji baba yake kuhusu hati. Mtoto akiulizwa na mzee, "Nani amekutuma?", aibu itamrudia yeye, na mama yake aweza kuumia. Ndiyo sababu tunatumia familia ya kubuni. Badala yake, mwalimu amwalike mjumbe wa Baraza la Ardhi aje kujibu maswali.

Yawezekana mwanafunzi akasema kwamba mke akiandikwa atauza shamba la ukoo. Hoja hii isikemewe, maana ndiyo inayosemwa vijijini. Ijibiwe kwa hoja: penye majina mawili, mmoja hawezi kuuza bila mwenzake, na uuzaji wa ardhi ya kijiji huhitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Kinga hiyo humfunga pia mume anayetaka kuuza shamba kwa ajili ya pombe. Ukoo haupotezi kitu hapo.

Tathmini

Wanafunzi waandike barua fupi kwa mjomba anayesita kuandikisha jina la mkewe. Asahihishapo, mwalimu atafute sababu mbili za kisheria na moja inayotokana na jedwali la kazi. Mwalimu naye ajipime: darasani mwake, nani hufagia, nani huchota maji, na nani hushika daftari la mahudhurio? Wanafunzi watalisoma jibu hilo kabla hawajaisoma hati.