Nani Hayupo Pale Juu? Vidokezo vya kufundishia kwa sanamu, kwa walimu wa Manyoni

1. Anza na ya jirani. Basi la asubuhi kutoka Manyoni linakufikisha Dodoma mapema, na pale Nyerere Square sanamu ya Mwalimu Nyerere imesimama katikati ya mji. Usianze kuhutubia. Waache wanafunzi wazunguke, wachore mikono, mavazi, na upande uso unakoelekea. Maelezo yako yakitangulia, hawataangalia tena.

2. Nauli ya Dar es Salaam haipo? Picha ya Sanamu ya Askari inatosha. Ilizinduliwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Juu yuko mwanajeshi mmoja, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Lakini maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia. Hapo ndipo pa kuuliza: mbona aliyebeba mzigo hakupandishwa juu pamoja na aliyebeba bunduki? Kwangu mimi, hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linafika hadi Manyoni. Vita ile ilipita Ugogo. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Huenda babu wa babu wa mwanafunzi wako alikuwa mmoja wa wapagazi hao.

3. Watume nyumbani wakaulize kuhusu wapagazi na Mtunya. Wawaulize wazee kwa adabu: shikamoo kwanza, daftari baadaye. Mzee asipopenda kuizungumzia njaa, asilazimishwe.

4. Waambie sanamu huondoka. Kabla ya Askari, Wajerumani walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, kwenye uwanja wa chuo kikuu, hadi wanafunzi wa huko walipoiangusha miaka ya 1960. Darasa la kidato cha pili linaweza kujadili kipindi kizima: nani ana haki ya kusimamisha, na nani ana haki ya kuangusha?

5. Sasa wafinyange. Udongo upo, hauhitaji bajeti. Kila mmoja atengeneze mtu ambaye angependa asimame mbele ya stesheni ya reli ya Manyoni: mrina asali, mama muuza karanga, mkunga, mpiga zeze. Anayetaka kujifinyanga mwenyewe akiwa mtu mzima, mruhusu. Utajua mengi ambayo hajawahi kukuambia. Usitoe alama za uzuri. Alama ziende kwa sababu alizotoa, na siku ya kikao cha wazazi panga kazi zote mezani, kila moja na kikaratasi chake: huyu ni nani, na kwa nini asimame pale.