KUKU AKIZUBAA, USIKIMBILIE KISU

Katika gazeti hili tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na mashairi. Leo naomba mniruhusu niwape somo la uani. Najua kuna watakaocheka, lakini kwetu sisi wa shule ya kutwa, nauli na vitabu mara nyingi hutoka kwenye trei ya mayai.

Kwanza lugha kidogo. Kuku jike ambaye hajaanza kutaga huitwa tembe. Ninayemzungumzia alikuwa tembe wa miezi minne, mmoja wa watatu ambao mama alikuwa akihesabu mayai yao hata kabla hayajatagwa. Mvua za Aprili zilipopamba moto, tembe huyu akazubaa. Manyoya yalisimama, mabawa yakalegea, undu wake ukapauka na kinyesi kikawa na damu. Nyanya akasema achinjwe upesi asije akawa kibudu. Nikamwomba anipe siku tatu.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kutafuta dawa, tazama kinyesi. Kikiwa cha kijani, kuku anahema kwa shida, shingo inapinda na wenzake wanakufa kwa mfululizo, shuku kideri, ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita mdondo. Hicho huletwa na virusi na hakina tiba, kinga yake ni chanjo tu. Hapo mwite afisa wa mifugo. Wako watu ambao kuku akizubaa tu humkimbiza sokoni akauzwe kabla hajafa! Mimi naona huo ni uovu, kwa sababu ndivyo kideri kinavyosafiri kutoka boma moja hadi jingine.

Damu nayo huashiria koksidia, vimelea vidogo mno vinavyoharibu matumbo ya kuku, hasa vifaranga na matembe. Hawa wana dawa. Afisa wa mifugo alipoelezwa dalili alituandikia amproliamu, ya kutiwa katika maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa kuwa wote walikuwa wakila pamoja, wote walikunywa dawa, hata wale waliokuwa wazima.

Lakini dawa peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hupoteza kuku wao. Kuku anayehara hufa kwa kukaukiwa maji. Tena mgonjwa hana nguvu ya kuliendea bakuli, basi bakuli limwendee yeye. Nilimweka peke yake ndani ya tenga, juu ya gunia kavu, mahali pasipo na upepo. Mwili wa kuku mzima una joto la nyuzi 41 hivi, na akiwa mgonjwa hushindwa kulilinda. Usiku nilimwekea chupa ya maji moto niliyoizungushia kitambaa. Jiko la makaa sikulitumia, maana moshi wake ni adui wa mapafu.

Kumnywesha kuna ufundi wake. Usimpanue mdomo ukammiminia! Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, kwa hivyo maji yakiingia humo umemwua kwa mkono wako. Dondoshea tone moja pembeni mwa mdomo, ngoja ameze, kisha jingine. Nikiwa shuleni kazi hii ilifanywa na nyanya yule yule aliyetaka kisu, ati anapoteza wakati tu.

Chakula kilikuja siku ya pili, uji mzito kidogo kidogo. Kila asubuhi nilipapasa ule mfuko wa chini ya shingo ambamo chakula hukaa kwanza. Ukiwa mtupu, mlishe. Ukiwa bado umejaa na mgumu tangu jana, usiongeze kitu. Vitamini za dukani ziache hadi dawa imalizike. Amproliamu huvinyima vimelea vitamini B1, nawe ukiitia tena kwenye maji unavisaidia.

Kisha usafi. Mayai ya koksidia yanayotoka na kinyesi huhitaji unyevunyevu na siku moja au mbili kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hivyo niliondoa kinyesi kila siku bila kukosa, gunia likaanikwa juani, na banda lote likatandazwa maranda makavu.

Siku ya tatu kinyesi kilikuwa hakina damu. Siku ya tano alimdonoa nyanya kidole. Hatukumrudisha kwa wenzake mara moja kwani kuku humwonea mnyonge. Tulingoja wiki mbili, halafu tukamwingiza bandani usiku wakiwa wamelala. Mwezi wa Julai alitaga yai lake la kwanza, dogo kama la njiwa, na nyanya ndiye aliyelichukua.