Tayarisha Safari, Si Mzigo Peke Yake

SOMO LA USALAMA NA AFYA

Ndugu wafanyakazi, mama wa nyumbani, na nyinyi vijana wetu,

Siku za konje zikikaribia, tunaona kinga zinatolewa nyumbani na kupanguswa vumbi. Mmoja anakwenda Rutshuru kuamkia wazazi, mwingine anakwenda Sake kutazama shamba, mwingine ameitwa kwenye matanga. Kinga ni rafiki wa mfanyakazi: haiombi mafuta, haiombi tikiti. Lakini safari ya kilometa 70 si ndugu ya safari ya kutoka nyumbani mpaka sokoni.

Katika Kiswahili chetu neno «kinga» lina maana mbili. Ni ile tunayoipanda, na tena ni kule kuzuia hatari kabla haijatufikia. Leo tutasoma juu ya zote mbili pamoja.

Sikilizeni kwanza habari hii. Mchimbaji mmoja alimaliza zamu ya usiku siku ya posho asubuhi. Jana yake alikuwa amepata habari ya kifo cha mjomba wake. Hakulala. Alifunga mfuko wa unga na bidoni ya mafuta ya mawese nyuma ya kinga, akashika njia ya Rutshuru. Mpaka Kibumba alikuwa anasukuma kwa mkono, maana ni kupanda tu. Mbele ya Kibumba njia ikaanza kushuka, akafurahi, akaachilia. Kumbe mipira ya breki ilikuwa imekwisha. Mzigo ukamsukuma kwa nyuma, na kwenye kona akatupwa juu ya mawe ya volkano. Mfupa wa bega ulivunjika, goti likapasuka. Mjomba alizikwa bila yeye, naye alikaa majuma sita bila kufanya kazi. Nilipokuwa ninamfunga mkono, aliniambia: «Munganga, mzigo niliutayarisha vizuri. Safari ndiyo sikuitayarisha.»

Neno hilo ndilo somo letu la leo.

1. JUA NJIA YAKO

Goma iko kwenye urefu wa karibu metre 1.500 juu ya bahari. Ukienda Rutshuru, unapanda kwanza kupitia Kibati mpaka Kibumba, katikati ya volkano. Halafu unashuka kwa muda mrefu kupitia Rugari na Rumangabo. Maana yake ni hii: nguvu za miguu zinatakiwa mwanzoni, na breki zinatakiwa wakati miguu imekwisha kuchoka. Watu wengi wanaogopa mlima. Mimi ninaogopa mteremko.

Uliza habari za njia kwa watu waliotoka huko jana, si mwaka jana. Njia zetu zinabadilika: tarehe 22 Mei 2021 moto wa Nyiragongo ulikata barabara hiyo ya Rutshuru. Mvua nayo inaweza kuharibu daraja usiku mmoja, na usalama wa njia unaweza kubadilika vilevile. Ukiambiwa njia si nzuri, ngoja. Kungoja si woga.

Ondoka mapema asubuhi, kukishapambazuka. Hapa kwetu saa kumi na mbili ya jioni giza linaingia upesi, mwaka mzima. Panga kufika saa kumi, ili kama mpira ukipasuka bado una saa mbili za mwanga.

2. TAYARISHA MWILI

Kubeba mawe kila siku hakumfanyi mtu kuwa tayari kwa kinga. Mgongo na mikono vina nguvu, lakini mapaja, matako na viganja havijazoea. Anza majuma manne mbele:

— Juma la kwanza: kilometa 10, mara tatu.
— Juma la pili: kilometa 15, mara tatu.
— Juma la tatu: kilometa 20 mara mbili, na siku ya yenga kilometa 35 pamoja na mzigo kidogo.
— Juma la nne: kilometa 10 mara mbili tu, polepole. Mwili upumzike.

Waendeshaji wakubwa wa dunia nao wanafanya hivyo. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya kinga za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wale waliopanda vilima vile walikuwa wamejizoeza kwa miezi mingi, na kila mmoja alikuwa na fundi wa kutazama kinga yake. Kama bingwa anajitayarisha, sisi ni nani tusijitayarishe?

Usiondoke baada ya zamu ya usiku. Mtu asiyelala anafanana na mtu aliyekunywa: macho yamefunguka, lakini akili inachelewa. Kasiksi na kanyanga viache mpaka ufike, na hata huko kunywa kwa kiasi.

Mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua, pumu au kikohozi kisichoisha, aje kwanza tumpime. Na mwenye kifua kilichoharibiwa na vumbi la mgodi asione haya kupanda gari.

3. TAYARISHA KINGA

Fanya kazi hii siku tatu mbele, si asubuhi ya safari. Kama chombo kimekosekana, bado una nafasi ya kukitafuta.

Breki: Tazama vipande vya mpira. Vikiwa vimelika, badilisha. Tazama waya, ukiwa umechanika hata uzi mmoja, badilisha. Halafu jaribu: sukuma kinga ukiwa umeibana breki ya mbele, gurudumu lisizunguke. Jaribu na ya nyuma vilevile.

Magurudumu: Inua kinga uzungushe gurudumu. Likiyumba, mpelekee fundi. Mawe yetu ya volkano yanakata mpira kama kisu. Mpira wa nje ukionyesha nyuzi, hautafika Rumangabo.

Cheni: Safisha, tia mafuta kidogo, pangusa yanayobaki. Mafuta mengi yanashika vumbi, na vumbi linakula cheni.

Kiti: Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyoke. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatauma kabla ya Kibumba.

Chukua pampu, viraka na gundi yake, mpira wa ndani mmoja, ufunguo wa kufungulia magurudumu na kipande cha waya.

Neno moja juu ya kofia. Wengine wanavaa kofia ya kazi. Kofia ile ilitengenezwa kwa ajili ya jiwe linaloanguka kutoka juu. Ukianguka kwa upande inaweza kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Tafuta kofia ya kinga yenye mkanda wa kufunga chini ya kidevu. Na mabuti ya mgodi yabaki nyumbani: vaa viatu vyepesi vinavyofungwa, na funga suruali isiingie kwenye cheni.

4. MZIGO NA ABIRIA

Watazame wenye chukudu wanaoshuka kutoka Kibumba na kabichi na viazi. Mzigo ni mkubwa, lakini wanaulaza chini, karibu na ardhi, na wanaufunga kwa nguvu. Wewe vilevile: kizito kiwe chini na katikati, chepesi kiwe juu, na pande mbili zilingane. Usitundike mfuko kwenye usukani. Kwenye kona utakuvuta.

Ukishafunga mzigo, panda uzunguke nyumba mara tatu, ujaribu breki tena. Kinga yenye mzigo inahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama, na wakati wa mvua inahitaji kubwa zaidi tena. Kwenye mteremko tumia breki zote mbili, kidogo kidogo tangu juu. Usiache kinga ikimbie halafu ubane breki ya mbele kwa ghafula: utaruka juu ya usukani. Mteremko ukiwa mkali na mzigo mzito, shuka utembee. Hakuna anayekucheka ila mjinga.

Mama, neno hili ni lako. Mtoto aliyekaa nyuma ya kinga anaweza kuingiza mguu ndani ya gurudumu. Tumetibu visigino vilivyochunwa mpaka mfupa. Kama ni lazima kumbeba, funika pande za gurudumu kwa kitu kigumu, mpe mahali pa kuweka miguu, umvalishe viatu. Kwa safari ndefu, mtoto asafiri kwa gari.

5. MAJI NA CHAKULA

Jioni ya mbele kula bugali na maharagi, ulale mapema. Asubuhi kunywa chai na kula mkate au viazi. Njiani kula kidogo kidogo: ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga. Usingoje njaa.

Kunywa karibu nusu lita kila saa, na zaidi kukiwa na jua kali. Mkojo ukiwa kidogo na wa rangi nzito, maji yamepungua mwilini. Pumzika dakika 10 kila saa.

Maji yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Usinywe ya ziwa wala ya mfereji wa njiani. Sisi watu wa Goma tunajua kolera. Mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi hapa katika majuma machache. Ukishikwa na kuhara njiani, acha safari. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa mara kwa mara, na tafuta kituo cha afya upesi.

Rutshuru iko chini kuliko Goma, na mbu ni wengi zaidi. Chukua chandarua. Ukipata homa baada ya kurudi, njoo upimwe damu siku ileile.

6. USIPUMZIKE SHIMONI: MAZUKU

Munajua neno mazuku. Wazee waliliita pepo baya. Ni gazi ya kaboni inayotoka ndani ya ardhi ya volkano, zaidi upande wa magharibi wa Goma, kando ya ziwa, kwenye njia ya Sake. Haionekani, na pua haiwezi kukuonya. Ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo inajaa mashimoni na mabondeni kama maji yanavyojaa beseni. Usiku na asubuhi mbele ya jua na upepo ndiyo mbaya zaidi.

Msafiri aliyechoka anatafuta nini? Mahali pa chini, penye kivuli na baridi, apate kulala. Hapo ndipo kifo kinapomngojea. Pumzikia mahali palipoinuka, penye upepo, karibu na watu. Ukiona shimoni ndege, mbuzi au mbwa aliyekufa, ondoka. Ukiona mtu ameanguka mle, usishuke kumshika: wewe utakuwa wa pili. Mvute kwa kamba au mti mrefu kutoka juu, na ita msaada. Nyinyi wachimbaji munaielewa sheria hiyo, maana ndiyo sheria ya shimo la mgodi lenye hewa mbaya.

7. UKIANGUKA

Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, utoe mchanga wote, funika kwa kitambaa safi. Usitie mavi ya ng'ombe, mafuta ya injini wala dawa ya meno. Nenda kituo cha afya uulize juu ya sindano ya pepopunda.

Mkono au bega likivunjika, lifunge kifuani kwa kitenge, usivute wala kukanda. Mtu aliyegonga kichwa, akitapika, akisinzia au kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama anasema amepona.

8. SIKU YA KURUDI NI SEHEMU YA SAFARI

Wengi wanarudi jioni na kuingia kazini asubuhi. Miguu inatetemeka, macho ni mazito, na ndani ya mgodi kosa la mmoja linawaumiza wengine. Rudi siku moja mbele ya zamu yako, ulale usiku mzima. Kama umechelewa, mwambie kapita ukweli. Ni afadhali akukasirikie kuliko akuzike.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni jioni nyumbani, baba aulize na watoto wajibu:

1. Kwa nini breki ni muhimu zaidi kuliko miguu kwenye njia ya Rutshuru?
2. Mzigo mzito unawekwa wapi?
3. Vijiko vingapi vya sukari na chumvi kiasi gani katika lita 1 ya maji?
4. Kwa nini hatupumziki shimoni?
5. Tunarudi lini mbele ya zamu?

Yule mchimbaji wa bega lililovunjika alipona. Mwaka uliofuata alikwenda tena Rutshuru kwa kinga, kuweka msalaba juu ya kaburi la mjomba. Mbele ya kuondoka alipita kwangu, akanionyesha mipira mipya ya breki, akasema: «Munganga, bana uone.» Nilibana. Gurudumu halikuzunguka. Nikamwambia: sasa nenda, na uwasalimie.

Nanyi vilevile. Safari njema, na murudi wazima.