Nabii Musa (A.S.) Katika Maji ya Madyan: Darsa kwa Mwenye Kutafuta Kazi ya Ualimu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaosoma Dini na Kiarabu hapa Uganda tunatarajia kufundisha. Soko la kazi hiyo tunalijua. Shule za sekondari za serikali huajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Masomo yetu yako upande wa sanaa, nao uliachwa nyuma; Juni mwaka huo walimu waligoma. Zimebaki shule binafsi, na huko wapo wanaoanza kazi bila hata barua mkononi.

Tufanye nini? Tufungue msahafu, Surat al-Qasas, aya ya 22 hadi 28.

Kisa kwa ufupi

Nabii Musa (A.S.) ametoroka Misri, anatafutwa auawe. Anafika Madyan hana ndugu wala mali. Anakuta wachungaji wamesongamana wakinywesha wanyama, na mabinti wawili wamejitenga na kundi lao, wakingoja wachungaji waondoke, kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Anawanyweshea, kisha anakwenda kukaa kivulini na kumwomba Mola wake. Mmoja wa mabinti anarudi kumwita kwa haya. Baba anamsikiliza, anamtuliza, na binti anashauri aajiriwe. Qur'an haikumtaja mzee huyo kwa jina, na wafasiri wametofautiana kama ni Nabii Shuaib (A.S.) au mwingine.

Somo la kwanza: Alihudumu kabla ya kuajiriwa

Hakuna aliyemtuma Musa, na hakudai malipo. Lakini kazi ile ndiyo iliyomtambulisha. Sisi nasi tuna maji ya kunywesha: madrasa ya msikiti isiyo na mwalimu wa kutosha, watoto wa mtaa wanaojiandaa na mitihani ya taifa, shule tuliyofanyia mafunzo ya kufundisha. Mwalimu mkuu aliyekuona ukifundisha ana la kusema juu yako kuliko bahasha ya vyeti aliyoletewa na mtu asiyemjua.

Somo la pili: Alimwomba Allah, na hakuchagua

Katika dua yake Musa alijieleza kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote itokayo kwa Mola wake. Hakutaja kheri gani. Kwa dua hiyo fupi alipata usalama, kazi, makazi na mke. Baadhi yetu tunaomba jambo moja tu, nafasi ya serikali mjini, na ikichelewa tunaona mlango wa riziki umefungwa. Omba, kisha peleka barua pia wilaya ya mbali ambako shule haina mwalimu wa Dini.

Somo la tatu: Nguvu na uaminifu

Katika aya ya 26 binti anampa baba yake sifa mbili za mwajiriwa bora: awe na nguvu na awe mwaminifu. Ibn Kathir ameeleza katika tafsiri yake jinsi binti alivyozijua: Musa aliinua peke yake jiwe la kisima lililohitaji watu kumi, na walipokwenda kwa baba alimtaka binti atembee nyuma yake.

Nguvu ya mwalimu ni kuweza kazi. Uwe na somo la pili la kufundishia. Ujue mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020. Na wewe ambaye shahada yako si ya ualimu, tafuta stashahada ya uzamili ya ualimu ili usajiliwe kuwa mwalimu.

Uaminifu ndipo mtihani ulipo. Atakuja mtu akuambie nafasi ipo, lakini "kuna wakubwa wa kuwaona". Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Utawasikia wenzetu wakisema wapo wanachuoni waliomruhusu mtu kutoa mali ili apate haki yake aliyozuiliwa, na dhambi ikawa kwa mpokeaji. Kauli hiyo ipo, lakini inahusu haki iliyokwisha kuthibiti kuwa ni yako. Nafasi inayogombewa na watu mia si haki ya yeyote kati yao mpaka achaguliwe. Ukiinunua, huenda umemnyang'anya aliyestahiki zaidi, na kila mwezi utakula mshahara wenye shaka huku ukiwafundisha watoto wa watu uaminifu.

Somo la nne: Masharti kwanza

Mzee alitaja muda waziwazi: miaka minane, na ikiwa kumi ni hiari ya Musa. Akaahidi kutomtaabisha. Musa akakubali, na wakamfanya Allah kuwa shahidi. Wawili hawa walikuwa watu wema, na bado walipatana kabla ya kazi kuanza. Basi usione haya kuuliza shule, hata ikiwa ni ya Kiislamu: mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, vipindi vingapi, na likizo inakuwaje. Omba yaandikwe. Nasi tutakaokuja kuongoza shule tukumbuke agizo la Mtume (S.A.W.) la kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Maswali ya darsa

1. Ni huduma gani unaweza kuianza muhula huu, karibu na chuo?
2. Kati ya nguvu na uaminifu, ipi imepungua kwako, na utaifanyia nini?
3. Ndugu yako amepewa nafasi kwa sharti la kutoa fedha, na wazazi wake wako tayari kuuza ng'ombe. Utamshauri vipi?

Ewe Allah, turuzuku riziki ya halali yenye baraka, na utujaalie kuwa walimu wenye nguvu na waaminifu. Amin.

Wallahu a'lam.