Somo kwa Wenye Kinga: Meno ya Mnyororo na Magoti Yako

Kinga yako hubeba mchele na mafuta ya mawese, hubeba watoto, na siku nyingine hubeba mgonjwa anayeletwa hospitali. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari zake katika kitabu hiki cha afya.

Tazama magurudumu mawili yenye meno: lile kubwa penye pedali, na lile dogo la nyuma. Tia alama ya makaa juu ya jino moja, kisha hesabu mpaka urudi pale pale. Ukikuta meno 48 mbele na 18 nyuma, kila pedali inapozunguka mara moja, kinga yenye magurudumu ya inchi 28 huenda karibu mita 6. Ukikuta 44 mbele na 22 nyuma, huenda mita 4 na kitu. Ya kwanza ni ya mbio lakini nzito kwa miguu. Ya pili ni ya polepole lakini nyepesi.

Basi, uchague ipi? Mtu asiye na mzigo, anayekwenda njia tambarare, ile ya kwanza itamfaa. Lakini wewe unayetoka Kasongo kwenda Kabambare na mizigo, njia yako ina vilima na mabonde, na matope wakati wa mvua. Bidoni moja ya mafuta ya lita 20 ina kilo 18 hivi. Bidoni nne ni zaidi ya kilo 70, kama kumpakia mtu mzima. Vijana husifu kinga ya mbio. Mimi siisifu kwa mtu wa mzigo.

Sababu ni goti. Meno yakiwa mazito, unasimama juu ya pedali na kukanyaga kwa uzito wako wote, na kile kifuniko cha goti kinakandamizwa juu ya mfupa mara maelfu kwa siku moja. Baadaye mtu husikia maumivu mbele ya goti akishuka kilima au akiinuka kutoka kuchuchumaa. Wengine husema wamelogwa. Sivyo, hesabu meno ya kinga yako kwanza! Jaribu hivi: pakia mzigo wako wa kila siku, panda mteremko mdogo ukiwa umeketi. Pedali ikizunguka karibu mara moja kwa sekunde, ni vema. Ikikulazimu kusimama, mwambie fundi akutilie gurudumu la nyuma lenye meno mengi zaidi, 20 au 22. Huenda akalazimika kuongeza na vipande vya mnyororo, maana ule wa zamani unaweza kuwa mfupi. Tazama kiti pia. Pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyoka. Kiti cha chini sana huumiza goti vilevile.

Lakini kwenye kilima kikali shuka, usukume. Hiyo si haya. Kushuka nako, tembea na mzigo wako, kwa sababu freni zilizolowa mvua hazishiki upesi. Na mtu mwenye ngiri asisukume mizigo mizito. Ngiri ikikataa kurudi ndani, ikauma, na kutapika kukaanza, asingoje hata kesho; aje hospitali saa ile ile.

Sasa habari za wagonjwa. Msamaria wa Luka 10 alimpandisha mtu aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake, naye kinga yake ingekuwa ya namna hiyo leo. Mgonjwa anayeweza kuketi na kujishika, mkalishe nyuma, mtu wa pili atembee kando akimshika, nanyi msukume bila mbio. Mwenye mguu uliovunjika, mfungie vijiti kwanza. Lakini mtu aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, au aliyezimia, au mama mwenye uchungu asiyeweza kuketi, msimweke juu ya kinga. Mlazeni kwenye kipoyi, mkabadilishane mabega.

Ndipo ile kinga ya mbio inapopata kazi yake. Kijana mmoja aipande bila mzigo wowote, atangulie hospitali kusema mgonjwa ni nani, anaumwa nini na tangu lini, ili kitanda kiwe tayari. Na kama kuna pikipiki au gari, lije kuwapokea njiani.