SOMO LA AFYA: Dawa Iliyotoka Katika Majani ya Ng'ombe



Mara nyingi tunasikia watu wakisema: "Dawa ya miti haina madhara." Katika somo hili tutaona kwa nini maneno hayo yanaweza kumponza mgonjwa.

Kuganda kwa damu

Ukijikata, damu huganda na jeraha hufunga. Hiyo ni kinga ya mwili. Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa wa mguu, donge linaweza kwenda hadi kwenye mapafu na kumuua mtu ghafla. Walio katika hatari zaidi ni waliolala kitandani muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji, wajawazito na waliojifungua karibuni.

Dawa ilivyopatikana

Katika miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikufa kwa kutokwa na damu. Walipokatwa pembe, damu haikukoma. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba walilishwa majani makavu ya Melilotus yaliyoota ukungu. Majani hayo yana kumarini, ambayo huyapa harufu nzuri. Ukungu huigeuza kuwa dikumaroli, na hiyo ndiyo inayozuia damu kuganda.

Mwaka 1933 mfugaji mmoja alipeleka damu isiyoganda kwa mtaalamu Karl Link, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Utafiti wa Link na wenzake ulizaa dawa ya warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu nchini Marekani. Kitu ni kilekile: kikizidi ni sumu, kikipimwa ni dawa.

Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza vitu vya kugandisha damu.

Kama umeandikiwa warfarini

1. Meza kiasi ulichoandikiwa, saa ileile kila siku. Usiongeze, usipunguze, wala usimpe jirani.
2. Usikose siku ya kupimwa damu. Kipimo ndicho kinachoonyesha kama dawa imezidi au imepungua.
3. Usiache mboga za majani, lakini kula kiasi kinacholingana kila wiki. Mboga hizo zina vitamini K. Ukizila nyingi kwa ghafla, nguvu ya dawa hupungua.
4. Usichanganye na dawa za kienyeji, wala aspirini, Septrini au Flajili, kabla ya kumuuliza mganga wa kituo. Unaweza kutokwa na damu nyingi.
5. Mama, ukidhani una mimba, mwambie mganga mapema. Warfarini inaweza kudhuru mtoto tumboni.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona:

- mguu mmoja umevimba na unauma;
- pumzi inakatika ghafla au kifua kinachoma;
- damu inatoka puani au kwenye fizi bila kukoma;
- mkojo ni mwekundu au choo ni cheusi kama lami.

Kinga

Mgonjwa anayeweza kuinuka asaidiwe kutembea kidogo kila siku. Asiyeweza, achezeshe nyayo na vifundo vya miguu akiwa kitandani.

Hatusemi miti haina dawa. Warfarini yenyewe ni ushahidi. Tunasema: mwambie mganga kila unachotumia, hata kama ni majani ya kuchemsha nyumbani. Hatakugombeza. Anahitaji kujua ili asikupe dawa itakayokudhuru.