KODI YA WAGENI NA MALEZI YA WATOTO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni akifika, mwenye nyumba naye hupata nafuu kwa ajili yake. Katika somo hili nataka tuangalie mahali pa mbali ambapo wageni huja kwa maelfu, tuulize: je, mwenyeji hupona kweli? Na kama haponi, kodi yaweza kumsaidiaje?

Mahali penyewe ni jimbo la Colorado katika Marekani. Kwenye milima yake mna miji midogo iliyo juu sana. Mji wa Breckenridge, kwa mfano, uko kimo cha mita zipatazo 2,900 juu ya usawa wa bahari. Ulianza mwaka 1859, watu walipokwenda kutafuta dhahabu. Siku hizi dhahabu yake ni theluji. Viwanja vya kuteleza juu ya theluji vilifunguliwa Breckenridge mwaka 1961, na Vail mwaka 1962. Tangu hapo watu hutoka pande nyingi za dunia kwenda kucheza huko.

Wageni hao wahitaji watu wa kuwapikia, kuwatandikia vitanda, kuendesha mabasi na kuondoa theluji barabarani. Wengi wa wafanyakazi hao ni vijana, na baadhi yao wana watoto wadogo. Wengi wametoka mbali, kwa hiyo bibi na shangazi wa mtoto hawapo karibu. Nyumba nazo ni ghali, kwa sababu nyingine zimenunuliwa na matajiri wanaokuja kwa majuma machache tu, na nyingine hukodishwa watalii. Basi baba na mama lazima wote wafanye kazi, na mtoto lazima apelekwe kwa mlezi wa kulipwa.

1. Kwa nini malezi ni ghali?

Mtoto mchanga si kama mwanafunzi wa darasani. Mwalimu mmoja aweza kufundisha wanafunzi 40, lakini mlezi mmoja hawezi kulea watoto wachanga 40. Katika Colorado sheria yaamuru mlezi mmoja asiwe na watoto wachanga zaidi ya 5. Amri hiyo ni njema, lakini hebu tufanye hesabu.

Tuseme mlezi hulipwa dola 20 kwa saa. Mshahara huo ukigawanywa kwa watoto 5, kila mmoja atalipiwa dola 4 kwa saa, na bado hatujahesabu nyumba, chakula wala moto wa kupashia vyumba joto. Sasa tuseme mama mwenye watoto wawili wachanga hupata dola 18 kwa saa hotelini. Atoe 8 kwa mlezi, abaki na 10 za pango, chakula na nguo. Si ajabu akiona afadhali aache kazi. Je, tupunguze mshahara wa mlezi? Tukifanya hivyo, yeye naye ataondoka akatandike vitanda hotelini. Fundo ni hili: mzazi hawezi kulipa zaidi, na mlezi hawezi kupokea pungufu. Lazima mtu wa tatu aingie kati.

2. Mtu wa tatu

Mtu huyo ni mgeni. Wilaya kadhaa za Colorado hutoza kodi ya malazi, yaani mgeni akilipia chumba huongeza fedha kidogo kwa ajili ya wilaya. Kwa miaka mingi sheria iliziagiza wilaya zitumie fedha hizo kwa kuutangaza utalii tu. Mgeni alilipa ili mgeni mwingine aitwe.

Mwaka 2022 Gavana Jared Polis alitia sahihi sheria mpya. Iliruhusu fedha hizo zisaidie pia makazi ya wafanyakazi na malezi ya watoto wao. Lakini iliweka masharti. La kwanza, wapiga kura wa wilaya wakubali. La pili, sehemu 10 katika kila 100, kwa uchache, zibaki kwa ajili ya matangazo. Wakati ule kodi ya wilaya haikuweza kuzidi dola 2 katika kila dola 100. Mwaka 2025 sheria nyingine iliruhusu kufikia 6, nayo pia kwa kura. Mwezi wa Novemba 2022 wapiga kura wa wilaya za Eagle na Summit waliikubali kodi hiyo ya dola 2.

Tuchukue mgeni aliyelala siku 3 katika chumba cha dola 200 kwa siku. Hesabu yake ni dola 600, na kodi kwa dola 2 katika kila 100 ni dola 12. Dola 1 na senti 20 zitakwenda kwenye matangazo. Zinazobaki, dola 10 na senti 80, zaweza kwenda kwenye makazi na malezi. Aliyelipa dola 600 hatarudi kwao kwa sababu ya dola 12.

3. Je, ni haki?

Mtu aweza kusema, “Mtalii hakumzaa mtoto yule. Kwa nini amlipie?” Namjibu hivi: mtalii hanunui kitanda, hununua kitanda kilichotandikwa. Mkono wa kukitandika haupatikani kama mtoto hana wa kumwangalia. Tena tuna methali nyingine: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtalii hatashika jembe, basi kodi ndiyo jembe lake.

Neno jingine ni zito zaidi. Fedha za wageni huja na kuondoka kama mvua, lakini mtoto hula kila siku. Katikati ya Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, viwanja vya theluji vya Colorado vilifungwa kwa amri ya serikali, na vitanda vikabaki vitupu. Nyumba ya malezi inayotegemea kodi hiyo peke yake yaweza kufungwa siku moja na hoteli. Kwa hiyo naona yafaa kodi hii iwe msaada, isiwe nguzo ya pekee. Na wakati wa wageni wengi sehemu yake iwekwe akiba, kama mkulima awekavyo mtama ghalani.

4. Na sisi je?

Hapa Uganda jambo hili si geni kabisa. Tangu mwaka 2008 serikali za mitaa zina uwezo wa kutoza kodi ya hoteli. Tena sheria yaagiza sehemu 20 katika kila 100 za viingilio vya hifadhi za wanyama zirudi kwa wenyeji wanaopakana nazo, kama wale wa Kanungu na Kisoro karibu na msitu wa Bwindi, wageni waendako kuwatazama sokwe wakubwa. Fedha kama hizo husaidia madarasa, zahanati na barabara. Hayo ni mema. Lakini tuulize: mama anayefua mashuka ya hoteli, mtoto wake yuko na nani? Mara nyingi yuko mgongoni mwa dada yake, na dada huyo alipaswa kuwa darasani. Darasa jipya halimfai msichana asiyeweza kuja kukaa ndani yake. Wanaopanga matumizi ya fedha za wageni wamhesabu na yeye.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini mshahara wa mlezi hauwezi kugawanywa kwa watoto wengi?
2. Mgeni amelala siku 5 katika chumba cha dola 150. Kodi ya dola 2 katika kila 100 ni kiasi gani? Ni kiasi gani, kwa uchache, kitakwenda kwenye matangazo?
3. Kama wewe ungekuwa diwani, ungetumia fedha hizo kwanza kwa barabara ya kwendea hotelini au kwa nyumba ya malezi? Toa sababu zako.